Mlango wa nyuma bila minyororo: kufunga loki za kufichwa kwenye Chevrolet 3100

Ukiiona pikapu ya Chevrolet 3100 ya zamani kwa nyuma, kitu cha kwanza kukukaribisha ni minyororo. Mlango wa nyuma ni bati moja lenye jina la gari lililogongwa kwa herufi kubwa. Bawaba ziko chini kwenye kona, na kila upande una mnyororo wenye kulabu unaoushikilia mlango kwenye bodi, yaani ile sehemu ya nyuma ya kubebea mizigo. Hakuna springi, hakuna kitasa, hakuna cha kuharibika. Mkulima wa 1947 aliyebeba marobota ya nyasi hakuhitaji zaidi ya hapo.

Ila minyororo ina kelele. Ukivuka reli tu ni chakacha-chakacha hadi unajuta kutoka nyumbani. Wengine huivalisha mpira au ngozi, kelele zikapungua, lakini kulabu inaendelea kukwangua kona mpaka rangi inaisha na kutu inaingia. Ndipo mtu anapoanza kuulizia loki za kufichwa: mlango unaofunga kwa mlio mmoja, na kwa nje hakionekani kitu isipokuwa yale maandishi.

Nitaeleza nilivyofanya kwenye 3100 ya 1951, gari la mzee mmoja jirani yangu huku Ohio. Ufundi wa bodi niliuanzia mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kwa kunyoosha mabati ya magari ya watu kwa nyundo na kipande cha reli, na nasema mapema: kufunga loki yenyewe ni kazi ya nusu siku. Kinachokula siku nne ni kuufanya mlango ukae sawa kabla ya loki, na kujiwekea njia ya kuufungua siku loki itakapogoma. Wanaoruka hayo mawili ndio wanaorudi wakilia.

Jua gari lako ni la mwaka gani

Chevrolet za umbo hili zilianza kutoka 1947 na kuendelea hadi mwanzoni mwa 1955, kwa hiyo watu hudhani vipande vyote vinaingiliana. Vya bodi ya mizigo haviingiliani. Mwaka 1954 bodi ilibadilishwa: ikaongezwa kina, na ukingo wa juu wa ubavu, ambao zamani ulikuwa umeinama, ukawa bapa. Vifaa vya dukani navyo hugawanywa hivyo hivyo, kundi moja la 1947 hadi 1953 na jingine kuanzia 1954 hadi 1987, kwa zile pikapu za bodi nyembamba yenye madigadi nje. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa tu", mshukuru uondoke.

Hata ukiwa na kifaa cha mwaka wako, pima. Chukua futi ya kamba upime nafasi kati ya nguzo mbili za kona za nyuma mara tatu: juu, katikati na chini. Gari la miaka zaidi ya 70 limeshagongwa, limeshapakiwa kupita kiasi, limeshawekwa mlango wa gari jingine. Hilo la mzee lilikuwa na tofauti ya milimita 9 kati ya juu na chini. Ningefunga loki bila kupima, kucha ya kulia isingegusa chochote.

Loki ipi

Kuna njia tatu. Ya kwanza ni komeo za springi. Unachomelea bomba fupi ndani ya mlango kila upande, unapitisha chuma cha duara cha mm 12 chenye springi nyuma yake, nacho kinaingia kwenye tundu la nguzo. Ni rahisi, unaweza kuitengeneza kwa vyuma chakavu, na kwa gari la kazi sina neno nayo. Tatizo ni kwamba ili chuma kiingie bila kukwama, tundu lazima liwe kubwa kidogo, na hicho kidogo ndicho kinachogonga. Umeondoa kelele za mnyororo ukaleta kelele za komeo.

Ya pili ni loki ya umeme, unabonyeza swichi mlango unaachia. Inapendeza watu kwenye maonyesho. Lakini kumbuka kwamba magari haya yalitoka kiwandani na umeme wa volti 6, na loki nyingi za dukani ni za volti 12. Kama hujabadilisha mfumo wote, sahau. Kama umebadilisha, bado jiulize mlango utafunguaje siku betri imelala. Mimi sipendi mlango unaotegemea betri.

Ya tatu, ndiyo niliyotumia, ni loki ya kucha, ndugu wa ile iliyomo kwenye mlango wa gari lako la kila siku, ila ndogo. Ina kucha mbili za chuma. Kwenye nguzo unafunga chuma kifupi cha duara, ambacho hapa nitakiita kidole. Mlango ukifungwa, kidole kinazisukuma kucha, zinazunguka na kukikumbatia. Mlio wa kwanza umeshika, mlio wa pili umebana. Kwa sababu inabana, mlango hauchezi, na usipocheza hauna kelele. Nunua jozi, ya kushoto na ya kulia, zilizo nyembamba kadri utakavyopata, kwa sababu nafasi ndani ya mlango ni finyu kuliko unavyofikiri.

Kabla hujawasha mashine

Utahitaji mashine ya kuchomelea ya waya yenye waya wa mm 0.6, grenda yenye diski nyembamba za kukatia, drili, jiliwa, tupa, chuma bapa cha mm 3, bati la mm 1.2, waya wa breki ya baiskeli pamoja na ganda lake, na karatasi ngumu ya boksi kwa wingi. Usidharau karatasi. Kosa la karatasi unalikunja unalitupa, kosa la bati unalipia.

Kuna tahadhari tatu ambazo ni za gari hili hasa. Kuanzia 1949 tanki la mafuta liliwekwa ndani ya kabati la dereva, nyuma ya kiti. Liko mbali na mlango wa nyuma, sawa, lakini si mbali kwa cheche za grenda zinazoruka juu ya bodi, na kifuniko cha tanki kiko ubavuni mwa kabati. Mimi huung'oa mlango na kufanya kazi zote za moto mezani. Zile chache za kwenye nguzo nazifanya gari likiwa nje, betri imekatwa (ipo chini ya sakafu upande wa abiria), na turubai lililoloanishwa limezuia upande wa kabati.

Sakafu ya bodi ni ya mbao zilizotenganishwa na vipande vyembamba vya chuma. Mbao kavu ya miaka mingi, imenyonya oili, cheche moja inatosha. Inaweza kufukuta chini kwa chini ukadhani imezimika, nusu saa baadaye unaona moshi. Mwagia maji, weka matambara mabichi, na usiondoke kwenda kula mara tu baada ya kuchomelea.

Ya mwisho ni rangi ya zamani, ambayo mara nyingi ina madini ya risasi. Usiisage kavu. Tumia msasa wa maji na uvae barakoa yenye vichujio, na watoto wasichezee vumbi hilo.

Hatua ya kwanza: mlango ukae sawa na minyororo yake

Usikate chochote bado. Rudisha mlango kwenye gari, ufunge kwa minyororo yake ya zamani, kisha rudi nyuma hatua tano uangalie. Mwanya wa kushoto na wa kulia unalingana? Mlango uko sambamba na ukingo wa sakafu? Usipolingana hapa, loki haitakusaidia. Itauvuta kwa nguvu kila siku mpaka kitu kipasuke.

Kwanza angalia bawaba. Tundu zake huliwa na kuwa za yai, na hapo mlango unashuka upande mmoja. Usijaze tundu lote kwa moto halafu ukatoboa upya kwa kukisia. Chomelea washa nene (kile kiduara cha chuma kinachokaa chini ya nati) yenye tundu la kipimo kamili juu ya tundu lililoliwa, huku boliti lenyewe likiwa limepita kuishikilia mahali pake. Ukimaliza, mlango uzunguke kwa kidole kimoja cha mkono bila kusugua.

Kama bawaba ni nzima na mwanya bado haulingani, kosa liko kwenye bodi. Pima kwa mshazari, kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, kisha kinyume chake. Vipimo viwili vikilingana, bodi ni mraba. Visipolingana, legeza boliti zinazoshika bodi kwenye fremu, tumia mkanda wa kukazia mizigo kuvuta ule mshazari mrefu, kaza tena. Lile la mzee lilihitaji pia kipande cha bati cha mm 4 chini ya kona ya nyuma kulia. Nilitumia siku nzima hapo, na mzee alipopita jioni kuuliza loki ziko wapi, nilimwambia bado ziko kwenye boksi.

Unachotafuta ni mwanya wa milimita 5 hadi 6 kila upande, kuanzia juu hadi chini. Ukiwa mdogo zaidi, rangi ikishapigwa mlango utasugua. Ukizidi sana, kidole kitalazimika kuwa kirefu, na kidole kirefu hupinda.

Hatua ya pili: chora kwanza kwenye karatasi

Mlango unazunguka kutoka chini, kwa hiyo loki haiji kwenye kidole kwa mstari ulionyooka, inakuja kwa tao. Kadri unavyoipandisha loki mbali na bawaba, ndivyo tao linavyokaribia kuwa mstari bapa pale mlango unapokaribia kusimama wima. Ndiyo sababu ya kuweka loki juu. Faida ya pili ni nguvu: loki iliyo juu inauzuia mlango kwa wepesi kuliko iliyo karibu na bawaba, kama vile kuufungua mlango wa nyumba kwa kusukuma karibu na kitasa ni rahisi kuliko karibu na bawaba.

Kata karatasi ngumu yenye umbo la ubavu wa mlango. Itoboe kwa pini pale ilipo bawaba, ibandike kwenye nguzo, uizungushe. Chora njia ya loki kwa penseli. Utaona wapi mdomo wa loki unapaswa kuelekea: mbele, upande wa kabati, ili kidole kiingie wakati mlango unasimama. Kwenye hili gari niliweka kitovu cha loki milimita 70 chini ya ukingo wa juu. Juu zaidi ya hapo ningegusana na ule mkunjo wa duara unaoupa mlango nguvu, na mkunjo huo haukatwi.

Hatua ya tatu: kukata na kuimarisha

Mlango huu kwa ndani ni mgongo tu wa lile bati la nje, na pembeni bati limekunjwa. Mkunjo huo ndio utakaobeba loki, na wenyewe hautoshi. Tengeneza sahani ya chuma cha mm 3 kwa kila upande, yenye urefu kama wa kiganja, ikae ndani ya mkunjo. Weka loki juu yake, tia alama kwa panchi, toboa tundu za boliti. Kisha kwenye sahani na kwenye mkunjo kata mfereji wa kuingizia kidole. Kama kidole ni cha mm 10, mfereji uwe mm 14, wazi upande wa ndani ya bodi. Kata kwa diski nyembamba ukibakiza kidogo, malizia kwa tupa. Kingo zote zilainishwe, maana hapo ndipo mikono ya watu itapita.

Sasa kuchomelea, na hapa taratibu. Mbele yako kuna bati lenye maandishi, na bati likipata moto linajikunja. Herufi zikiyumba hata kidogo, jua likipiga pembeni kila mtu ataona. Piga kidoti kimoja juu, kimoja chini, subiri. Gusa bati kwa mkono. Kama huwezi kuuacha mkono hapo, bado. Hakuna haja ya mstari mzima wa kuchomelea, vidoti vinane kwa sahani vinatosha.

Matundu ya zamani ya minyororo yazibe wakati huohuo. Siri yake ni kipande cha shaba nyekundu nyuma ya tundu. Shaba hainati na chuma cha kuchomelea, inanyonya moto, na inaliacha bati likiwa bapa upande wa pili. Mimi natumia bomba la maji la shaba lililopondwa kwa nyundo. Tundu kubwa liwekewe kiraka cha bati cha unene uleule, usijaribu kulijaza kwa waya mtupu.

Hatua ya nne: mwache mlango uchague mahali pa kidole

Wengi hapa hupima kwa futi, wakatoboa nguzo, wakakuta wamekosea kwa milimita mbili. Fanya kinyume. Funga loki kwenye mlango. Chukua kidole kikiwa huru, kiingize kwenye kucha uzifunge, loki ikishike kidole. Weka vipande vya karatasi ngumu kwenye mianya ili mlango ukae mahali pake kamili, usimamishe mlango, ubane na mkanda usisogee. Kidole sasa kinaigusa nguzo pale hasa kinapotakiwa kuwa. Zungushia alama kwa sindano ya kuchorea.

Toboa tundu la yai, si la duara, kubwa kuliko shina la kidole kwa milimita 3 kwenda mbele na nyuma. Nyuma ya bati la nguzo weka sahani ya mm 3 yenye nati iliyochomelewa, iliyoachwa huru kusogea. Nafasi hiyo ndogo ndiyo itakayokuokoa mwishoni: mlango ukigonga, unasogeza kidole mbele, ukiwa mgumu kufunga, unakirudisha nyuma. Kidole kilichochomelewa moja kwa moja kwenye nguzo hakina msamaha.

Jambo moja lisikusumbue: mlango ukiwa wazi, vidole viwili vitaonekana vimechomoza kwenye nguzo. Ndiyo, vinaweza kukwangua ubao unaopakia. Unaweza kugeuza, loki zikae ndani ya nguzo na vidole kwenye mlango, lakini waya zitalazimika kupita ubavuni mwa bodi na kulinganisha pande mbili kunakuwa adhabu. Nimejaribu. Sirudii.

Hatua ya tano: waya na wenzo

Loki mbili lazima ziachie pamoja. Upande mmoja ukiwahi, mlango unajipinda kama karatasi, na ukirudia hivyo mara nyingi rangi inapasuka kwenye kona.

Katikati ya mlango, kwa ndani, chini kidogo ya mkunjo wa juu, weka wenzo mdogo wenye mhimili katikati: ukivuta, ncha moja inaivuta waya ya kushoto na ncha nyingine ya kulia. Kishikizo chake kinafikiwa kwa kupitisha mkono juu ya mlango na kuingiza vidole viwili vya mkono. Mtu asiyejua hatakiona. Waya za breki ya baiskeli zinafaa sana kwa sababu zina kile kiskrubu cha kurekebishia urefu. Weka kimoja kila upande. Ganda la waya libanwe kwenye ncha zote mbili. Lisipobanwa, ukivuta ganda ndilo linasogea na loki haipati habari. Waya isipinde kwa kona kali, ipitishe kwa tao pana.

Kulinganisha kunataka watu wawili. Mpwa wangu alivuta wenzo polepole huku mimi nimeinama nikisikiliza.

"Mjomba, ya kushoto inawahi."

"Umesikia mara ngapi?"

"Mara mbili. Ta, halafu ta."

Nikalegeza kiskrubu cha kushoto mzunguko mmoja. Akavuta tena: ta-ta, karibu zaidi. Nusu mzunguko. Akavuta: ta. Kaza nati ya kufungia hapohapo, usiguse tena. Acha na ulegevu wa milimita moja au mbili kwenye waya kabla loki haijaanza kuvutwa. Waya iliyokaza kabisa itaizuia kucha kurudi mahali pake, na mlango utafunguka wenyewe barabarani.

Hatua ya sita: njia ya dharura

Gari la kwanza nililolifungia loki hizi nilijiona fundi kweli. Bati la ndani, lile la kufunikia loki na waya, nililichomelea pande zote, nikasaga, nikapiga puti, huoni hata mshono. Mwenyewe akaongeza kifuniko kigumu juu ya bodi, ambacho hakifunguki mpaka mlango wa nyuma ufunguke kwanza. Wiki ya tatu waya ikachomoka kwenye wenzo. Mlango umefungwa, kifuniko kimefungwa, mimi niko nje na ufundi wangu wote. Nililazimika kutoboa bati la nje, kwenye rangi mpya, nikiikisia loki ilipo kwa kugonga na kusikiliza. Tundu la tatu ndilo lililoipata. Mlango mzima ulirudi kwenye rangi, kwa gharama yangu.

Tangu siku hiyo nafanya mambo mawili. Bati la ndani nalifunga kwa skrubu za M5 zinazoingia kwenye nati za ribiti, zile zinazobanwa ndani ya tundu kwa koleo lake. Zinaonekana kwa ndani, ndiyo, lakini ukizipanga kwa vipimo sawa zinapendeza. Kama bodi haina kifuniko unapanda tu ndani na bisibisi, unafungua bati, unaivuta waya kwa mkono.

Pili, kila loki naifungia waya wake wa pili, usiohusiana kabisa na wenzo. Unashuka wima hadi ukingo wa chini wa mlango, jirani na bawaba, na unaishia kwa kitanzi ndani ya tundu la mm 12 lililozibwa kwa kizibo cha mpira. Lazima ulale chini ya gari ili ukione. Siku ya shida unang'oa vizibo viwili, unaingiza kulabu ya waya mgumu, unavuta kimoja, halafu kingine. Matundu hayohayo ya chini ndiyo yanayotoa maji yakiingia ndani ya mlango, kwa hiyo vizibo vyake viwe na upenyo mdogo. Huku barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, na mlango usiotoa maji huanza kuoza kwenye kona za chini.

Mlango ukiwa wazi ushikwe na nini?

Swali hili wengi hulikumbuka baada ya kuiondoa minyororo. Minyororo haikuwa ya kufungia tu, ilikuwa pia inaushikilia mlango ukae bapa unapopakia vitu virefu. Ukiiondoa bila kuweka kitu, mlango utaanguka hadi chini na kugonga bampa, na maandishi yako mapya yatakuwa ya kwanza kuumia.

Nilitumia waya za chuma zisizoshika kutu za mm 4, zenye vitanzi vilivyobanwa kwenye ncha, moja kila upande, zimefungwa kwa boliti ndani ya nguzo na kwenye ile sahani ya mm 3 ya mlango. Mlango ukifungwa zinajikunja kwa ndani. Zinabeba mtu mmoja aliyekaa, lakini si pikipiki inayopandishwa. Kwa mizigo ya namna hiyo weka ubao wa kupandishia unaokaa kwenye sakafu ya bodi yenyewe. Na mchanga au kokoto usizipakie zikauegemea mlango. Mlango wenye loki za kufichwa ni mlango wa matembezi.

Rangi, na majaribio kabla ya rangi

Kabla ya praima, fungua na kufunga mlango mara 50. Nimesema 50, usifanye 10 ukachoka. Kisha panda ndani ya bodi, usukume kwa mguu. Kisha endesha gari kwenye barabara mbovu kuliko zote unazozijua, mwenzako akiwa amekaa abiria ananyamaza anasikiliza. Kwenye hili gari tulisikia mgongano hafifu upande wa kulia. Nilikisogeza kidole mbele kwa unene wa kadi ya benki, ukaisha.

Ndipo ung'oe kila kitu, upige praima ndani na nje ikiwemo mifereji ya kidole, na upige rangi vipande vikiwa vimetengana. Ndani ya mlango, baada ya rangi kukauka, nyunyiza nta ya kuzuia kutu. Loki zenyewe zisipakwe rangi. Zitie grisi nyepesi kidogo, kwa sababu grisi nzito ikipata baridi inakuwa kama gundi na kucha hazirudi. Mpira mwembamba wa kujibandika kwenye ukingo wa nguzo, mahali mlango unapoegemea, unamaliza kelele zilizobaki.

Baada ya mwezi waya mpya huwa zimelegea kidogo. Rudi kwenye vile viskrubu, sikiliza tena kama ni "ta" au "ta-ta", kaza.

Siku mzee alipokuja kuchukua gari nilimlaza chini ya mlango kwa mgongo, juu ya kipande cha boksi, nikamwambia atafute vizibo mwenyewe na afungue kwa kulabu, mara tatu. Alinung'unika suruali yake. Halafu nikachora mchoro mdogo kwenye karatasi, vizibo viwili na mishale miwili, nikaubandika ndani ya kisanduku cha dashibodi, na ile kulabu nikaifunga humohumo kwa mpira. Minyororo yake nimeiweka kwenye gunia nyuma ya kiti, imetiwa oili, pamoja na boliti zake zote.